Kigae chenye Kichwa cha Punda

Chungu cha Swafiya kilichorwa punda aliyevaa kofia ya vita ya Kiyunani. Msimcheke, maana punda mwenyewe alikuwa amenona na anatazama watu kwa jeuri. Muhula mzima Mwalimu Rufus, mtu wa bara anayeipenda Lamu kuliko baadhi yetu, aliwafundisha watoto wa gredi ya sita habari za Wayunani wa kale kwa kazi za mikono. Walifinyanga udongo mwekundu wa Kililana, wakauchoma kwa vifuu, wakachora kwa rangi nyeusi.

Jumatatu wakakuta vyungu vyote vimetupwa uani, vimevunjika vipande vipande. Chumba chao cha sanaa kimejaa viti vya plastiki vya kukodisha kwenye harusi. Vya nani? Vya Bwana Mukhtar, mwenyekiti wa kamati ya shule na ami yake Swafiya.

"Chumba kilikaa bure tu," alisema, wala hakuona haya.

Ebo! Kilikaa bure, na watoto wamo ndani kila siku?

Mwalimu Rufus hakupiga kelele. Aliokota vigae, akawaeleza watoto walivyofanya watu wa Athene walipochoka na mtu anayewavimbia. Kila mmoja aliandika jina la mtu huyo kwenye kigae, jina lake na la baba yake, asije akaonewa mwingine. Vigae vikiwa vingi, bwana mkubwa hufunga virago akauhama mji.

"Kesho wazazi wana mkutano," akasema. "Anayetaka aandike. Ni siri, hakuna atakayejua kigae ni cha nani."

Watoto wakavamia vigae kwa vicheko. Swafiya alikiona kile chenye kichwa cha punda wake, akakitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani. Baba yake alishafariki, na yeye na mamake, Bi Raihana, walikaa nyumba moja na ami. Habari za vigae zilishaenea mtaani, na mama alipokiona akajua anataka kumwandika ami.

"Nti hini ina wenyewe, mwanangu. Nyumba ni ya ami yako. Akitutoa twende wapi?"

Maneno hayo, kwamba nchi hii ina wenyewe, Swafiya aliyasikia tangu siku ya mazishi ya baba. Ami naye hachoki: nyumba yangu, dari yangu, kisima changu. Mtoto aliogopa, wallahi aliogopa, lakini hasira ilimzidi. Akatwaa msumari akakwaruza: Mukhtar bin Abdulhadi. Alipofika kwenye jina la pili mkono ulisita. Abdulhadi ni babu yake, aliyeijenga nyumba ile. Baba yake pia alikuwa bin Abdulhadi.

Siku ya mkutano watoto wakammiminia mwenyekiti kikapu cha vigae mezani. Akasoma cha kwanza, akasoma cha pili. Jina lake. Akachakura hadi chini, jina ni lile lile. Kina mama wakaanza kucheka ndani ya mabuibui.

"Nani kaanzisha upuuzi huu?"

"Ni siri," alisema Mwalimu Rufus.

Swafiya akasimama. "Changu mimi si siri. Ni hicho chenye punda."

Lo! Bwana Mukhtar alikuwa nacho mkononi.

"Wewe? Unalala kwangu, unakula kwangu, halafu unaniandika?"

"Lisome jina la pili, ami."

"Unasemaje?"

"Lisome."

Hakulisoma. Swafiya akalisema yeye, sauti imekaza.

"Abdulhadi. Nyumba ni yake, na aliwaachia wawili, wewe na baba. Mimi silali kwako. Nalala kwetu."

Wazee wa mtaa walioijua habari ile miaka yote wakatazama sakafu. Waone haya, ndiyo! Nyuma kabisa Bi Raihana aliinuka, akapita katikati ya watu mpaka mezani. Akakichukua kile kigae mkononi mwa Bwana Mukhtar, akampa mwanawe.

"Haya, shemeji," akasema. "Viti vyako vinatoka saa ngapi?"