Zumari Liliponyamaza Wingwi

Tangu mwanawe aingie kwenye televisheni, Bi Mwanawema hakupata kumtazama hata mara moja. Kumsikiliza, alimsikiliza. Kila Jumapili jioni majirani wa kijiji chao cha Wingwi, Pemba, walijazana sebuleni kwake, naye alikaa kitako mbele kabisa, akajifunika kanga gubigubi, akatega sikio. Haroub akimkamata chatu shingoni, watu wakipiga ukelele, mama mtu alikuwa ndani ya kanga anaifuata pumzi ya mwanawe. Ikienda sawa, alimshukuru Mungu. Ikikatika, aliushika mkono wa jirani yake Rahila akaubana mpaka ukafa ganzi.

"Kipindi hiki wamekirikodi zamani, shoga," Rahila alimwambia. "Angekuwa kaliwa tungeshasikia."

"Nani kakwambia televisheni husema kila kitu?"

Haroub alianza na popo. Akiwa mdogo alipanda miti mirefu kwenda kuwachungulia wale popo wakubwa wenye uso wa mbwa, akishuka anachapwa, kesho yuko juu tena. Akaenda Unguja kutembeza wageni. Siku moja nyoka akaingia jikoni mwa hoteli, wapishi wote wakapanda juu ya meza, na Haroub akamtoa kwa fagio na kitambaa huku akimsemesha kama mkwe. Mtu alimpiga video kwa simu. Video ile ikazunguka, kituo kimoja cha Dar es Salaam kikamwita. Wakampa shati la mifuko mingi na jina la Haroub Asiyetishika. Akazama na mamba Rufiji, akaingiza kichwa kwenye pango la fisi, akatangaza hata sabuni. Kenge mmoja alimpunguzia kidole, na nchi nzima ikamsifu kwa kucheka huku damu ikitoka. Mama yake alipomwona bandeji alimwambia kwamba yeye alimzaa na vidole kumi, basi tena, akaenda kupakua chakula.

Ikaja habari kwamba Haroub anarudi nyumbani kurikodi mchezo wa ng'ombe. Wingwi nzima ikafurahi. Bi Mwanawema hakufurahi, na alikuwa na haki yake.

Kwa sababu kamera zilikwishafika Wingwi. Waliosahau wamesahau, yeye hakusahau. Walikuja watu wa bara zamani, wakakirimiwa, wakala pilau, wakamrikodi kaka yake Himid akicheza na dume wa ng'ombe kwa ustadi ambao haujaonekana tena. Kisha wakaenda zao wakawaambia watu kwamba huyu ni mganga, ng'ombe kamroga, na Pemba yote ndivyo ilivyo. Hawakuuliza. Ustadi wa mtu masikini, kwa macho yao, lazima uwe uchawi. Akili ni mali ya kwao. Himid alikuwa na duka Tanga. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Akafunga, akarudi kulima muhogo Wingwi, na hakuingia uwanjani tena. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi, mpaka leo.

Kwa hiyo mama alipompokea mwanawe alimwambia mambo mawili: usife, na usitutukane. Haroub alicheka, akambusu mkono, akasema yote mawili ni rahisi.

Siku ya mchezo Bi Mwanawema alikwenda. Alikaa katikati ya wanawake, akajifunika kanga vile vile kama sebuleni kwake, na wenzake walimcheka: kaja uwanjani kutazama giza.

Sasa, mchezo wa ng'ombe una utaratibu wake. Dume hufungwa kamba ndefu, kamba huzungushwa kwenye shina la mti nje ya uwanja, na wanaume wenye nguvu hushika mwisho wake. Wao hawamwoni mchezaji, watu wamejaa katikati. Kinachowaongoza ni zumari. Likilia, mtu yumo uwanjani, kamba haiachiwi. Likinyamaza, mchezaji ameshatoka, na wao huilegeza dume atembee apumue. Hapana aliyefundishwa jambo hili Wingwi. Mtu huzaliwa nalo.

Haroub naye alizaliwa nalo. Lakini bara ni mbali, na mamba hana zumari.

Alicheza vizuri mwanzoni. Alimpungia dume shuka, akampisha, akampungia tena, na zumari la Mzee Mbarouk likimfuata nyuma kama kivuli. Kisha mkuu wa warikodi, kijana wa Dar aitwaye Zubeir, akalalamika kwamba zumari linameza maneno. Haroub akiwa katikati ya uwanja akamwinulia mkono mpigaji: nyamaza kidogo. Mzee Mbarouk alishangaa. Ila alimjua Haroub tangu anatembea uchi, akadhani mtoto wa hapa hawezi kusema hivyo bila kwanza kuongea na watu wa kamba. Akalitoa zumari mdomoni.

Haroub akaigeukia kamera, mgongo kwa ng'ombe, akaanza kuhutubia. Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa kubwa, na watu walimtazama yeye. Nani asiyemtazama mtu wa televisheni? Nyuma ya umati, wenye kamba walisikia kimya cha zumari, na lile lililosemwa na spika wakalichukua kuwa tangazo. Wakalegeza.

Ndani ya kanga, Bi Mwanawema alisikia zumari limekufa na sauti ya mwanawe bado ipo uwanjani. Vitu viwili hivyo, Wingwi, havikai pamoja.

Akaitupa kanga. Hakupiga kelele, maana kelele uwanjani ni shangwe. Aliimba, kwa sauti ya juu ya harusini ambayo hakuitoa tangu ujana wake: "Yumo, yumo, mwana yumo!" Rahila akaipokea, ikapokewa na safu nzima, na huko nyuma wanaume wakaelewa wote kwa pamoja wakavuta.

Dume alikuwa ameshatimka. Kamba ilimdaka, pembe ikiwa imeshaingia kwenye shati la Haroub. Shati likachanika kutoka kola hadi pindo, mifuko yote ikamwaga vitu, na Asiyetishika akaanguka kifudifudi vumbini. Kisha akanyanyua kichwa akakohoa.

Mama yake aliingia uwanjani bila kukimbia. Akamshika mikono yote miwili, akavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Tisa," alisema. "Vile vile." Kisha akaketi hapo hapo karibu na mavi ya ng'ombe, akicheka na kulia.

Kwa Zubeir, kazi ni kazi. Alimnong'oneza Haroub kwamba picha hii ni dhahabu. Waseme tu kwamba mama ana maneno ya siri yanayozuia ng'ombe. Watazamaji watapenda.

Haroub alimtazama mama yake pale chini. Akaiomba kamera iwashwe, akiwa na vumbi mdomoni.

"Niliyenyamazisha zumari ni mimi. Walioniokoa ni mama yangu, akina mama hawa, na watu wa kamba. Uchawi hapa hakuna, wala kwa mjomba wangu Himid haukuwapo." Kisha akamwambia Zubeir kwamba likikatwa neno moja, atafute mwengine wa kumshikia mamba.

Jumapili kipindi kilipotoka, Haroub alikuwapo Wingwi, amejinyoosha mkekani anakula ndizi mbivu. Mzee Himid naye alikuja, mara ya kwanza, akakaa nyuma mlangoni. Maneno yale waliyaweka mwanzo kabisa wa kipindi, yakapita mazima. Mzee Himid aliomba chai. Akaomba na sukari zaidi, akasogea mbele.

Bi Mwanawema alikuwa amejifunika kanga gubigubi.

"Mama," Haroub akamgusa goti. "Mimi nipo hapa."

"Wewe upo. Yule wa mle ndani bado hajaanguka. Nyamaza nimsikilize."