Mtimbira Hasikiki

Kufika saa moja asubuhi Joachim alikuwa amekwisha gombana na baiskeli mara mbili. Betri ya gari aliyoifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu ilikuwa ikilalia upande mmoja, na maji yake makali yalikuwa yameanza kuitoboa suruali yake ya kazi. Alikuwa anatoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mahali pekee hapo Lupiro palipochaji betri. Mwenye mashine alikuwa amepandisha bei tena. Alisema dizeli imepanda, na dizeli ikipanda kila kitu kinapanda isipokuwa mshahara wa karani.

Aliifikisha betri kituoni, banda la mabati la kampuni ya kununua mpunga alikokuwa karani, akaiunganisha na redio kol ya kuitana na vituo vingine. Mkewe Rosa, aliyekuwa akiuza chai na vitumbua kwa wakulima chini ya upenu wa banda, akachungulia mlangoni.

"Masanja ameshasalimia?"

"Hata redio sijaiwasha."

"Basi iwashe, baba Ritungu. Leo tumechelewa."

Joachim akauma meno. Huyo Masanja mke wake hakuwahi kumwona kwa macho. Alikuwa sauti tu, sauti ya karani wa kituo cha Mtimbira, huko mbele kabisa kwenye barabara ya Malinyi. Lakini ilikuwa sauti iliyomfanya Rosa aache vitumbua viungue.

Redio ile ilikuwa na kheri zake, tusiwe wachoyo wa kusema. Mwaka wa mafuriko, barabara ilipokatika na kivuko kikasimama, ni redio iliyowaita watu wa mtumbwi walete unga na dawa. Msiba ukitokea Ifakara, ndugu wa Lupiro walijua kabla maiti haijaoshwa. Zamani neno moja lingechukua siku mbili kwa baiskeli, na likifika limekwisha geuka neno jingine.

Ila zamani hiyohiyo Joachim alikuwa mtu. Kila Jumamosi alivuka mto kwenda ofisini Ifakara na taarifa za vituo vyote vya ng'ambo. Meneja, Bwana Raimundi, alimvutia kiti, akamwagizia chai ya maziwa, akamuuliza, "Enhe, Joachim, huko kunasemaje?" Karani wa Mtimbira, awe nani awaye, neno lake lilipita kwanza kinywani mwa Joachim. Ilipokuja redio, kiti kile hakikuvutwa tena. Kila kituo kilisema chenyewe, na vituo vyote vikasikia. Aliyesifiwa alisifiwa mbele ya wote, na aliyekaripiwa alikaripiwa mbele ya wote, na mkewe akiwa mlangoni na birika.

Na aliyesifiwa alikuwa Masanja. Msukuma wa juzi tu, aliyekuja bondeni nyuma ya ng'ombe za mjomba wake. Ndugu zake walilima kwa plau na kuleta mpunga kwa mikokoteni ya maksai, wakati wakulima wa Joachim wanainamia jembe la mkono tangu enzi za babu zao. Kila asubuhi alifungua na salamu ya kwao, "Mwangaluka!" na vituo vyote vikaitikia, hata Bwana Raimundi, Mpogoro mzima wa hukuhuku. Joachim alimwonea kijicho, hakuna jina lingine la kuliita jambo hilo. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Yeye mwenyeji hakuona alipopona.

Tena wivu wa safari hii ulikuwa na meno. Wiki iliyopita Bwana Raimundi alitangaza hewani kwamba msimu umekuwa mbaya, wanunuzi wa Dar wanawazidi bei, na kituo kitakachokuwa cha mwisho kwa mzigo kufika Ijumaa kitafungwa. Karani wake "atapumzishwa". Nyumba waliyolala Joachim, Rosa na watoto ilikuwa ya kampuni. Na leo ilikuwa Ijumaa.

Aliwasha. Sauti ya Digna, binti wa redio wa ofisi ya Ifakara, ikajaa bandani.

"Vituo vyote, vituo vyote, hapa Ifakara. Mkula, nipe hesabu. Ova."

"Mkula hapa," alisema Ritha, karani wa Mkula. "Magunia mia mbili na kumi. Ova."

"Hongera, Mkula. Malinyi nimekwisha mwandika. Lupiro?"

Joachim akabonyeza kipaza. "Lupiro, mia na ishirini. Lakini Ifakara, wakulima wangu wamekaa hapa tangu Jumatatu na mpunga kwenye mikeka. Magunia matupu sina. Mtimbira mmempa marobota mawili, mimi hata moja. Ova."

Sauti iliyojibu haikuwa ya Digna. "Lupiro, hewani hatulalamiki," alisema Bwana Raimundi. "Hewani tunatoa hesabu."

Mkulima mmoja aliyekuwa akinywa chai nje alicheka, akakohoa kuficha kicheko. Joachim alihisi masikio yanawaka.

"Mtimbira, nipe," alisema Digna. Redio ikakoroma. "Mtimbira, Mtimbira, unanisikia? Hupatikani."

Lakini huku Lupiro alipatikana. Sauti ilikuja nyembamba, imechoka, ila kila neno lilikuwa mahali pake: "Mwangaluka, wakubwa. Betri yangu inakufa. Nina mia na arobaini. Narudia, mia na arobaini. Lupiro, nipitishie."

Ndiyo ilikuwa desturi ya hewani. Betri ya mtu ikiwa dhaifu, aliye katikati humchukulia neno lake na kumfikishia aliye mbali. Masanja mwenyewe aliwahi kumfanyia hivyo karani wa Malinyi mwezi mzima, na hakuna aliyemshukuru.

"Lupiro," aliita Digna, "wewe umempata Mtimbira?"

Mia na arobaini. Ilikuwa imemzidi. Joachim aliwaona watoto wake wakibeba magodoro kwenda kuomba hifadhi kwa shemeji, huko Lipangalala. Hapo angeweza kusamehewa, mtu yeyote angesita. Lakini kilichomsukuma hakikuwa watoto. Kilikuwa ile "Mwangaluka", na Rosa aliyetabasamu aliposikia.

Akabonyeza. "Sijampata, Ifakara. Anakoroma tu. Ova."

Kisha ile sauti nyembamba.

"Joachim. Kaka, umenipata. Mimi nakusikia vizuri sana. Umenipata."

Joachim alitazama taa nyekundu ya redio. Hakumtazama Rosa, ingawa alijua yuko mlangoni.

"Wiki ya pili sasa Mtimbira anasumbua," alisema Bwana Raimundi. "Asiyesikika hana mzigo. Mtimbira tunafunga. Kesho Landrova iende ikachukue redio na mizani."

"Na Masanja, bosi?" aliuliza Digna.

"Masanja ana miguu. Lupiro, wakulima wa Mtimbira sasa ni wako, utawafuata kwa baiskeli. Mshahara ni uleule. Na hongera."

Miezi yote ile alikuwa ameililia hongera hiyo. Sasa ilikuwa imekuja, mbele ya vituo vyote, na hakujua aiweke wapi.

Rosa alirudi kwenye vitumbua vyake. Joachim alimfuata hadi kwenye jiko.

"Nyumba hii ni ya kampuni, Rosa. Ulitaka tukalale wapi?"

"Sijasema kitu."

"Umesema kwa macho."

"Basi macho yangu yamekosa," alisema Rosa, akageuza kitumbua. "Nipishe, moshi unaniumiza."

Saa nne alikuja afisa mtendaji wa kata, Hermenegildi, na mgambo wawili. Aliketi kwenye benchi la Rosa, akala vitumbua vitatu, akanywa chai, kisha akauliza kama meza hii ya chai inalipia ushuru wa soko.

"Shikamoo, mzee," alisema Rosa. "Si nililipa mwezi huu?"

"Marahaba. Ule ulikuwa wa zamani. Umepanda."

Alipokwisha kuandika risiti isiyo na mhuri, aliingia bandani bila kubisha na kumwagiza Joachim aulize Ifakara kama saruji ya nyumba yake imefika. Redio ya kampuni, saruji ya mtendaji. Joachim alibonyeza akauliza. Ungefanyaje?

"Nimesikia Mtimbira wamemfunga," alisema Hermenegildi, akijifuta mafuta ya vitumbua mdomoni. Habari ilikuwa imezunguka soko lote kabla ya saa tatu, maana redio haina mlango. "Vizuri sana. Mtu wa kuja arudi kwao na ng'ombe zake. Riziki ya hapa ni ya wa hapa. Au nasema uongo, kijana?"

Maneno yale Joachim alikuwa ameyasema yeye mwenyewe rohoni, usiku baada ya usiku, na rohoni yalionekana ya haki. Yakitoka katika kinywa kile yalinuka.

Mchana ulikwenda polepole. Wakulima wawili walichoka kusubiri magunia, wakakunja mikeka yao na kuutoa mpunga kwa mnunuzi wa Dar aliyepita na fuso. Joachim aliwatazama wakienda. Upande wa milima ya Mahenge wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, zito na jeusi, moja ya zile mvua za mwisho ambazo mkulima huziogopa kuliko ukame, kwa kuwa zinakuta mpunga umekwisha vunwa.

Kabla kidogo ya saa kumi redio ilikoroma yenyewe.

"Lupiro, Lupiro. Joachim, kaka."

Sauti ilikuwa imepungua sana. Joachim aliinama hadi sikio likagusa spika.

"Ya asubuhi tuyaache. Mpunga wa watu uko nje. Banda limejaa, turubai sina, na mvua naiona inakuja. Ukilowa kampuni haiupokei, watu watarudi nao nyumbani umeota. Lori liko Ifakara. Mwambie Digna livuke leo, lije na turubai. Mimi hawanisikii, nimeita tangu saa sita. Nipitishie hilo tu. Nimemaliza."

Rosa alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye unga. Safari hii alizungumza.

"Si umemsikia?"

"Nikisema nimemsikia, watauliza na asubuhi."

"Watauliza."

"Na Raimundi si mtu wa kusamehe, unamjua."

"Namjua." Alijifuta mikono kwenye kanga taratibu. "Nilikuwa namcheka Masanja kwa kuwa anachekesha, Joachim. Kwako wewe niliolewa kwa mengine."

Alilisema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko kama angemtukana.

"Vituo vyote, hapa Ifakara," Digna aliita. "Kivuko kinafunga saa kumi na mbili. Lori linalala huku au linavuka? Kituo chenye neno kiseme sasa. Lupiro?"

Kipaza kilikuwa na jasho. Joachim alifikiri namna ya kulisema jambo bila kulisema: kwamba mkulima mmoja amepita kwa baiskeli, kwamba yeye mwenyewe ameota tu kuwa huko mvua inakuja. Kila uongo alioushika ulimvunjikia mkononi. Akabonyeza.

"Ifakara, hapa Lupiro. Mtimbira anasema mpunga uko nje na mvua inakuja. Hana turubai. Lori livuke leo. Ana magunia mia na arobaini, mbali na huo wa nje. Ova."

Akaachia kitufe.

"Lupiro," alisema Bwana Raimundi, "Mtimbira umempata saa ngapi?"

"Asubuhi. Alinipa hesabu, mimi nikasema sijampata. Nilimpata vizuri, bosi, kama ninavyokupata wewe."

Angeweza kuishia hapo. Lakini kidole hakikutaka kuachia kitufe, na yaliyokuwa yamemkaa kooni tangu redio ile ilipofungwa ukutani yalitoka yenyewe. "Mmetuweka tusikilizane tuogopane. Kila asubuhi naamka namwombea mwenzangu apungukiwe. Sikuzaliwa hivyo. Ova."

Huko Mkula, huko Malinyi, huko Mtimbira, watu walikuwa wakisikia. Hakuna aliyebonyeza.

"Digna," alisema Bwana Raimundi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lori livuke sasa hivi na turubai mbili. Huo ni mzigo. Kesho Landrova ikitoka Mtimbira ipitie Lupiro, ichukue na redio ya hapo. Msimu huu mpunga wa Lupiro na Mtimbira tutaununulia barabarani."

"Na makarani, bosi?"

"Nimekwisha sema. Wana miguu."

Joachim alikiweka kipaza juu ya meza. Kwa mbali, chini kabisa ya mkoromo, alidhani amesikia "Asante, kaka", lakini hakuwa na hakika, kwa maana betri ya Mtimbira ilikuwa imekwisha. Rosa aliingia, akavuta kigoda, akaketi karibu naye na bega lake likagusa la mumewe.

Digna alikohoa hewani. Kazi ilikuwa haijaisha. "Mkula," aliita. "Nipe hesabu ya jioni. Ova."

Ritha alikawia kujibu. Alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kazini, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Mkula hapa. Asubuhi nilisema mia mbili na kumi. Sasa ni mia tatu."

Sauti ilimtetemeka, na kila karani aliyekuwa hewani alijua kwamba magunia hayo hayapo.

"Hongera, Mkula," alisema Bwana Raimundi. "Hesabu ndiyo hiyo."