Kutoka Kinyumenyume

1.

iet — kwenda.
iet iekšā — kuingia.
iet ārā — kutoka.
iet prom — kuondoka.
iet atpakaļ — kurudi.

Daftari ni la Mwajabu Shekilindi, mzaliwa wa Lushoto, mjane wa Imants huku Latvia. Kwao kila mwendo una neno lake. Huku kitenzi ni kilekile, halafu kineno kidogo kinakuja nyuma yake na kuamua yote.

2.

Mwalimu ni mama mkwe, Velta. Darasa ni jikoni.

"Imants alikwenda…?" Velta anauliza, mwiko mkononi.

Mwajabu anakijua kineno. Hakitoki.

3.

TAARIFA
Kibali cha kuishi ulichopewa kwa misingi ya ndoa kinakoma kufuatia kifo cha mwenza. Unatakiwa kuondoka nchini ndani ya siku thelathini.

          prom

4.

Wewe msomaji ungefanyaje? Yeye alikwenda makaburini kumtunza mumewe.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Velta alimpa reki. Makaburi ya huko huzungushiwa mchanga, na mchanga huchanwa mpaka usibaki unyayo. Mwajabu, binti wa mkulima, alichana kama anayepalilia mahindi, mbele kwa mbele. Alipogeuka, nyayo zake zilikuwa zimetapakaa kila mahali.

"Kinyumenyume, mwanangu," Velta alisema. "Unaanzia kwa Imants, unatoka huku unamtazama. Ukifika ukingoni, ni kana kwamba hukuwahi kuja."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ile barua.

5.

Wanawake wawili, bombani, wakijaza ndoo za kumwagilia maua:

"Sasa Velta atabaki na nani?"

"Na reki."

6.

palikt — kubaki.
palikt pāri — kubaki wenzako wakiisha.

Mstari wa pili si mwandiko wa Mwajabu. Ni wa Velta.

30.

Siku ya mwisho walichana wote wawili, kinyumenyume. Ukingoni Mwajabu aliyumba. Unyayo wake wa kulia ukabaki mchangani, wazi kabisa. Akainua reki aufute.

Velta akamshika mkono. Mwanamke huyu, kwa miaka arobaini ya kuchana makaburi ya ukoo hapo, hajaacha hata alama ya ndege.

"Uache," alisema. "Huo nitakuwa nauzunguka."

Hapo ndipo Mwajabu alipolia, kilio alichokibana tangu mazishi.

31.

nākt — kuja.
nākt atpakaļ —