Saa Aliyoitengeneza Baba

Asubuhi ile VPN iligoma, nami nikagombana na kila kitu mle ndani. VPN ndiyo njia inayoniingiza kwenye mtandao wa ofisi yetu ya Kurasini nikiwa nyumbani Mbagala. Bila hiyo, nyaraka za makontena sizioni. Na bosi alishanipa onyo: kazi ya nyumbani ikikwama tena, narudi ofisini moja kwa moja. Nikirudi, baba abaki na nani? Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, akikuta geti wazi tu, tunamfuata Buguruni, kwenye kibanda alichotengenezea saa za watu ujana wake wote.

Nikampigia Gibson, fundi wa kompyuta wa ofisini.

"Umezima ukawasha, Najat?"

"Nimezima, nimewasha, nimebadilisha mpaka bando."

"Paswedi?"

"Ileile."

"Cheki na saa ya kompyuta. Ipo sawa?"

Nikatupa jicho pembeni mwa kioo: 2:20. Na kweli ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi. "Ipo sawa, Gibson. Mie siyo mtoto."

Tukahangaika. Nilifuta, nikaweka upya, nikalia. Baba alikuwa kwenye kiti chake ananitazama, nikamfokea hata yeye. Mwisho Gibson akataka nipige picha kioo kizima nimtumie. Nikasikia anacheka.

"Sista, hiyo 2 ni ya Kizungu: kompyuta yako inasema saa nane usiku! Imerudi nyuma masaa sita. Mtambo wa ofisi unalinganisha saa, zikipishana hivyo unakufungia. Nani kaigusa?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Baba akajibu kabla yangu.

"Mimi. Ilikuwa inaonyesha saa nane, na jua ndiyo kwanza limetoka. Nimeirekebisha wewe ukiwa jikoni unakoroga uji."

Sijui alijuaje pa kubonyeza. Fundi ni fundi. "Lakini kwa nini, baba?" nikauliza kwa hasira.

"Nina binti yangu, Najat, anafanya kazi ofisini. Saa mbovu itamfukuzisha kazi." Akanitazama kwa adabu, vile alivyokuwa akiwatazama wateja. "Ukimwona, mwambie ipo tayari."

Hasira iliisha palepale, nikabaki na uchungu mtupu.

"Nitamwambia," nikasema. "Atafurahi sana."

Nikangoja asinzie, ndipo nikaiharibu tena saa aliyoitengeneza, nikairudisha mbele masaa sita. VPN ikafunguka.