Ini la Isidori na Madaktari Wake

Daktari alimwambia Isidori kwamba ini lake limejaa mafuta, na tiba yake ni kutembea kila siku, kuacha pombe, kupunguza sukari na nyama ya mafuta. Basi. Hakuna kidonge, hakuna sindano. Isidori alirudi kijijini kwake Maretadu amenuna kama mtu aliyealikwa harusini akapewa maji. Atembee? Yeye aliyenunua pikipiki ili asitembee?

Mkewe, Bernadina, alikuwa mwanamke wa kidato cha nne, na hakumruhusu mtu yeyote asahau hilo. Alimwelewa daktari vizuri kabisa. Tena alimpenda huyu mume wake mnene na mkaidi, na kila alipomwona amesimama katikati ya kilima cha shambani akitafuta pumzi, hofu ilimshika. Alitaka jambo moja tu: apone.

Tatizo ni kwamba Maretadu mtu haugui peke yake. Habari ikishatoka, wageni huja, na mgeni wa mgonjwa haji mikono mitupu. Huja na dawa, huketi, husubiri akuone ukiinywa. Ukimwambia utakunywa baadaye, umemtukana yeye pamoja na marehemu bibi yake aliyemfundisha.

Wa kwanza alikuwa Gaudensia, dada yake Isidori, na chupa ya shubiri iliyoweza kumfufua maiti ili aiteme. Akafuata Mwalimu Yonas, mstaafu, na mbegu za mlonge pamoja na somo la dakika arobaini. Kisha akaja Qamara kutoka Hirbadaw, kule tambarare, amebeba mizizi na akimswaga kondoo mwenye mkia mnene.

Qamara alikuwa mfugaji, rafiki wa Isidori wa miaka ishirini, na ndiye aliyemtunzia ng'ombe wake kumi na mmoja. Yeye na watoto wake walikunywa maziwa. Ng'ombe na ndama walibaki mali ya Isidori. Sasa wewe utaikataa dawa ya mtu anayelala na ng'ombe wako?

"Hii mizizi inachemshwa na mafuta ya mkia," Qamara alieleza. "Bila mafuta haiingii mwilini. Siku tatu, rafiki yangu, halafu unaacha."

Kwa hiyo mtu ambaye ini lake limejaa mafuta akaandaliwa mafuta. Qamara akaondoka ameridhika, akaacha sufuria nzima, na Bernadina akaona sufuria ile ikipungua kwa siku tisa. Bila shaka, kama siku tatu ni nzuri, tisa zitakuwa nzuri mara tatu.

"Ujinga mtupu," Bernadina aliwaambia kuku wake, maana hakukuwa na msomi mwingine karibu. Mizizi isiyo na jina! Dawa isiyo na kipimo! Yeye hakuwa mtu wa mizizi. Yeye alikuwa na pakiti.

Pakiti aliiagiza kupitia kundi la WhatsApp. Unga wa kijani, mimea kumi na minne, husafisha ini kwa siku arobaini, na juu yake picha ya daktari mwenye miwani. Miwani ile ilimgusa sana. Halafu kulikuwa na tarehe ya kuisha muda. Mizizi ya Qamara ina tarehe? Kwa kuwa Isidori asingekubali dawa ya kwenye simu, Bernadina alimchanganyia kijiko kimoja katika uji wa asubuhi bila kumwambia, kisha akaongeza vijiko vitatu vya sukari kuficha uchungu. Ndiyo, sukari ile ile aliyokatazwa. Lakini elimu ni elimu.

Wiki ya tano ya unga ule Isidori alianza kujikuna mwili mzima. Chakula kikamkinaisha, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na macho yakageuka njano. Gaudensia akafurahi: ule ulikuwa uchafu unatoka, shubiri inafanya kazi. Mwalimu Yonas akasema ni mlonge. Wakabishana nusu siku juu ya nani mwenye haki ya njano ile. Bernadina aliwaonea aibu watu wazima wale. Akaenda jikoni, akaongeza unga uwe vijiko viwili.

Jumatatu Isidori akalazwa. Alhamisi daktari, kijana aliyeitwa Hilary, alisimama kando ya kitanda na karatasi za vipimo. Gaudensia alikuwepo, Qamara alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ile, na Bernadina alikuwa na kikapu chake na chupa ya uji.

"Shikamoo mzee. Ulitumia dawa gani za kienyeji?"

"Marahaba. Chai tu," alisema Isidori.

Hilary akavuta kiti. "Mzee, kila unachomeza kikitoka tumboni kinapita kwenye ini kwanza. Ini linakivunja, linakigeuza, ndipo kinatoka kwa nyongo au kwa mkojo. Sasa vitu vingine vikigeuzwa vinakuwa vikali kuliko vilivyoingia. Ini lenye afya linawahi kuvituliza. La kwako limechoka na mafuta, linachelewa, na vile vikali vinaliunguza humo humo. Nahitaji kujua kila kitu."

Qamara akaondoa kofia. "Mizizi ni yangu, daktari. Nilisema siku tatu."

"Kumbe ni wewe!" Gaudensia aliruka kama vile maisha yake yote hajawahi kuiona shubiri. "Unamuua kaka yangu ubaki na ng'ombe! Wiki hii hii wanarudi Maretadu, wote kumi na mmoja!"

Qamara aliinama. Aliitazama kofia yake tu. Daktari aliandika mizizi, akamkamua Gaudensia mpaka akataja shubiri, akaandika na mlonge, kisha akauliza vyote hivyo viliachwa lini. Zaidi ya mwezi, wakasema.

"Hapo ndipo sielewi. Vipimo vya Jumatatu vilikuwa vibaya. Vya leo vimezidi. Kuna kitu bado kinaingia. Tukikizuia leo, ini lina nafasi ya kujijenga. Tukichelewa, siwezi kuwaahidi kitu. Hapa wodini anakula nini?"

"Uji tu," alisema Gaudensia. "Uji wa wifi yangu. Bila uji huo tungekuwa tumeshamzika."

Bernadina alihisi chupa ikiwa nzito mkononi. Angeweza kuumwaga uji ule chooni na kesho akaleta mweupe, na hakuna ambaye angejua. Isidori angepona. Qamara angerudi Hirbadaw bila rafiki, watoto wake wangekosa maziwa, na yeye Bernadina angebaki mke mwerevu wa Maretadu. Alikaribia sana kufanya hivyo. Kisha akamwona Qamara ameinama vile, akajichukia, akatoa pakiti kikapuni na kuiweka kitandani.

"Ni mimi," alisema. "Kila asubuhi, kwenye uji. Hata leo."

Hilary aliigeuza pakiti. "Mimea kumi na minne. Mingine haikutajwa hata jina."

"Ina tarehe," Bernadina alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ini halijui kusoma pakiti, mama."

Isidori alijiinua kwa kiwiko, akamtazama mkewe kwa macho yake ya njano. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Bernadina zaidi.

"Qamara asilaumiwe," alisema. "Ile mizizi nilikunywa siku ya kwanza tu, alipokuwa ananiangalia. Iliyobaki niliimwaga nyuma ya zizi, kidogo kidogo, pamoja na shubiri ya dada na mlonge wa mwalimu." Akapumzika kidogo. "Na uji nao nilisikia ni mchungu, mke wangu, tangu mwanzo. Lakini nikasema, huyu ndiye aliyemwelewa daktari. Huo nilikuwa namaliza wote."