Zamu ya Kubaki Melini

Aluoch alikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe haikuwa na mjadala: mtu akishapanda chombo, asishuke mpaka afike aendako. Marehemu mumewe Willis, gadi wa treni kwa miaka kumi na minane, alishuka stesheni moja ndogo kununua mayai ya kuchemsha. Treni ikaanza kuondoka, akaikimbilia, mguu ukateleza. Mayai, jamani! Tangu siku hiyo Aluoch hakupika yai nyumbani kwake Umoja, na ukimletea zawadi ya mayai atakushukuru vizuri, kisha atampa jirani.

Basi hebu fikiria mama wa namna hiyo, binti yake wa pekee apate kazi ya kusafisha vyumba katika meli ya watalii. Leo meli iko bandari hii, keshokutwa ile. Ikifunga gati, wageni hushuka kutembea, na wafanyakazi nao hushuka kwa zamu: wengine huenda mjini, wengine hubaki kuiangalia meli. Elsie alipomweleza mamake mambo hayo, Aluoch alisikia neno moja tu, kushuka.

"Na meli ikiondoka?"

"Kuna saa ya kurudi, mama. Unarudi mapema."

"Isipokusubiri?"

"Haisubiri mtu. Ndiyo maana unarudi mapema."

Haisubiri mtu! Maneno hayo yalimnyima raha. Akamwapisha binti kwa kaburi la babake kwamba hatakanyaga bandari za watu. Elsie akaapa, angefanyaje? Kwa miezi mitano zamu zake zote za kushuka akawapa wenzake, na kila siku ya bandari mama alipiga simu na swali lake lilelile. Umeshuka? Sijashuka, mama.

Jumanne hiyo, mnamo saa nne asubuhi, uliingia ujumbe wa sauti. "Mathe, tulia. Tumefika Ugiriki, na leo ni zamu yangu ya kubaki hata hivyo. Niko tu kwa meli."

Aluoch aliusikiliza mara mbili, na mara ya pili akapandisha sauti makusudi ili Mama Nabwire asikie. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na asubuhi hiyo walikuwa wameketi wakichambua mboga ya mrenda. Binti yake, Nabwire, alikuwa kwenye meli hiyohiyo. Yeye na Elsie waliandikwa kazi siku moja na walilala chumba kimoja.

"Umesikia mtoto mwenye adabu?" Aluoch akasema.

"Nimesikia mfungwa," Mama Nabwire akamjibu. "Wangu leo anashuka, aliniambia jana. Nami nikamwambia shuka, mwanangu, uione dunia kwa niaba yangu, mimi niliyeishia Kakamega na Umoja."

"Na dunia ikimmeza?"

"Itamtapika. Wewe humjui Nabwire na mdomo wake?"

Wakacheka. Walikuwa bado wanacheka simu ya Aluoch ilipolia mlio wa kikundi cha wazazi wenye watoto melini. Aliyeandika ni Sylvance, mpishi wa meli hiyo, mwenyeji wa mtaa wa Mbotela: "Wazazi, ombeni. Waliobaki melini walikuwa kwenye mazoezi ya mashua za kuokolea watu. Waya umekatika, mashua imeanguka na watu ndani. Mmoja ni msichana wetu, Mkenya. Bado sijajua ni nani."

Aluoch alifika kwenye neno waliobaki, macho yakagoma. Mama Nabwire akaichukua simu, akamalizia kusoma, naye kicheko kikamkauka.

"Mama Elsie, ngoja kwanza. Wasichana wa Kenya mle ndani wako wanane. Kwa nini awe wako?"

"Kwa sababu nilimbakiza mimi! Yawa! Mimi, kwa mdomo huu!"

Akampigia Elsie. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, hata akakosea jina akampigia fundi wa bomba. Hofu aliyoifuga miaka yote ilikuwa hofu ya nchi kavu, ya mtu kuachwa nyuma, na sasa hakujua hata aiweke wapi hii nyingine. Mazoezi gani? Mbona Elsie hakuwahi kumwambia kuna mazoezi?

Mama Nabwire alizima jiko, akalowesha leso kwa maji akampangusa uso. Kisha akampigia binti yake, ili amuulize habari za Elsie. Hakupokea.

"Yuko mjini na kelele za sokoni," alisema. "Akiona ataturudia. Haya, nipe mikono tuombe."

Akaanza kuomba kwa sauti, akimtaja Elsie kwa jina, akimlilia Mungu kama anayemlilia mtoto wake mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aluoch alifumba macho, mikono yake imo mikononi mwa yule mwanamke, na moyoni alikuwa na ombi moja ambalo asingethubutu kulitamka: Mungu, awe mwingine. Mtoto wa mtu mwingine yeyote.

Robo saa ikapita. Simu ikalia. Elsie!

"Mama, ni mimi. Niko hai." Alikuwa analia kwa kwikwi. "Nisamehe, mama. Nilikudanganya. Nilishuka."

"Alishuka!" Aluoch akapaza sauti, nyumba nzima ikasikia. "Alinidanganya! Mtoto wangu ni mwongo, Bwana asifiwe!"

Mama Nabwire akapiga vigelegele, akaruka, mrenda ukamwagika sakafuni, asijali.

"Mama, nisikilize. Kesho tunaingia bahari kuu, wiki mbili bila kufunga gati. Miezi mitano sijakanyaga udongo. Jana nilimlilia Nabwire. Akaniambia nenda wewe, mimi nimeshuka mara nyingi, nitakushikia zamu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkahawa karibu na bandari nakula aiskrimu, mama, nikasikia king'ora. Wamemtoa majini. Amekufa. Nabwire amekufa, mama."

Aluoch aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, sauti isije ikatoka nje. Mbele yake Mama Nabwire alikuwa bado anacheza, leso kiunoni, machozi ya furaha yakimtiririka.

"Usikate kwanza!" alisema, akihema. "Mwambie akikutana na wangu huko mjini, amwambie apokee simu ya mamake."