Sarafu ya Mzee wa Nyuso Mbili

Haya, sogea nikutegee kitendawili. Mzee ana nyuso mbili, mmoja mbele na mwingine kisogoni. Halali usiku wala mchana, na tangu azaliwe hajaonja ugali wa wimbi. Ni nani huyo? Usinijibu mbio. Bathsheba Nyanchera wa Manga alijibu mbio, akaokota jibu baya.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa sitini na tisa, siku ya kuandaa Sabato. Viazi vilikuwa vimechemshwa, nguo zimepigwa pasi, na kesho yake mchungaji angemwekea mikono mumewe, Zachariah Ombati, awe mzee wa kanisa. Bathsheba hakutaka hata buibui mmoja aione Sabato hiyo. Akapanda kigoda katika chumba cha mumewe, akawa anafagia utando chini ya mabati. Mkono ukagusa kitu baridi: kijisanduku cha jiwe laini linalochongwa kijijini Tabaka, kimefungwa kwa kamba ya mkonge.

Kamba ilikuwa mpya, na hakuifunga yeye. Akaifungua.

Ndani mlikuwa na sarafu tano kuukuu, kijani kama jiwe la mtoni. Moja ilikuwa na mwanamke mwenye kofia ya chuma, bundi ubavuni. Nyingine, mwanamume mwenye fimbo iliyosokotwa na nyoka wawili. Na nyingine ndiyo ya huyo mzee wetu mwenye ndevu, uso huku, uso kule.

Miungu, ndani ya nyumba ya mtu wa Sabato! Lakini hata hao hawakumtetemesha kama vitambaa. Sarafu nne zilikuwa zimeviringwa katika vipande vilivyochanwa kwenye nguo za watu. Na ni nani Kisii nzima asiyejua anayeficha vipande vya nguo za watu huwa anawatakia nini?

"Mama Nyasani, una chumvi?" Alikuwa Jemimah, mke wa shemeji yake, ambaye hakuwahi kubisha mlango wa mtu. "Mbona umesimama kama nguzo? Una nini hapo... Weka chini! Usishike kwa mkono mtupu!"

Akainama, akachungulia kwa jicho moja. "Hiki chenye mistari ni shati la Ondieki wa Keumbu. Si alikufa mwezi wa kwanza? Na hiki ni koti la Okemwa wa Magwagwa, tuliyemzika mwezi wa nne. Hiki cheusi sijui."

"Ni cha Machogu," Bathsheba akasema polepole. "Alikufa mwaka juzi."

"Unaona! Mumeo hakosi matanga, na kila akienda anaitwa na mjane nyuma ya nyumba. Mimi nilidhani anafuata wajane." Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Afadhali angekuwa anafuata wajane."

"Na hii isiyo na kitambaa?"

"Hiyo inangoja nguo ya mtu. Wewe leso zako umezihesabu?" Jemimah akarudi nyuma hadi mlangoni. "Chumvi yenu sitaki tena."

Bathsheba akabaki peke yake na kitambaa cha nne. Kilikuwa cha sufu, kijani, kimefumwa kwa mkono, na katikati tundu moja limerukwa. Akalijua tundu lile. Alilikosea mwenyewe akiwa msichana shuleni misheni, akimfumia sweta kaka yake Josiah, aliyekwenda vitani pamoja na Zachariah. Zachariah alirudi mwaka wa arobaini na tano, Josiah hakurudi. Siku ile Bathsheba alimsimamisha njiani: "Kaka yangu umemwacha wapi?" Naye akajibu, "Tulitenganishwa njiani," bila kumtazama. Mwaka uliofuata akaleta ng'ombe wa mahari.

Zachariah aliporudi kutoka kupima majani chai, alikuta kijisanduku mezani. Akatua kikapu.

"Mama Nyasani, hicho si cha kuchezea."

"Sichezi. Hawa ni akina nani?"

"Ni miungu ya Warumi, hao hao wa siku za Paulo. Tulikuwa watano, tunachimba handaki Libya karibu na mji wao uliobomoka, tukazikuta mchangani. Kasisi wa jeshi akatutajia majina. Huyu wa nyuso mbili ni Yanusi, mungu wa milango, anaona anayetoka na anayeingia. Hatukuwaabudu. Tulipatana kwamba anayetangulia, sarafu yake iviringwe katika kipande cha nguo yake na waliobaki waitunze. Nimebaki mimi. Isiyo na kitambaa ni yangu."

Moyo wa Bathsheba ukataka kutulia. Akaukataza. Akaifungua sufu mbele yake.

"Wajane walikupa hizo nyingine. Hii ulipewa na nani? Ulisema mlitenganishwa njiani. Mtu mliyetenganishwa naye, nguo yake uliichania wapi?"

Nje, jua lilikuwa limeshika mgongo wa kilima cha Manga.

"Jua likizama hujanijibu, kesho sanduku hili litamfikia mchungaji kabla yako. Nakuuliza vilevile nilivyokuuliza njiani. Kaka yangu umemwacha wapi?"

Zachariah akaketi, akavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

"Kando ya ukuta wa mji ule, upande jua linapochomoza. Alikanyaga bomu lililofukiwa. Nilimzika kwa mikono hii, nikamlaza kwa ubavu wa kulia kama mwanamume wa kwetu. Zamu ya kuteka maji ilikuwa yangu, Nyanchera. Nilimwomba aniendee."